Maana Rasmi ya Kushtukashtuka

"Wananchi wa Garissa na vitongoji vyake, pamoja na mifugo yenu pale inapohusika, leo ni siku ya historia. Kuanzia sasa, ni marufuku kwa mtumishi wa Idara ya Utulivu Kazini, bila kujali cheo chake, kushtukashtuka akiwa kazini. Atakayepatikana na hatia hiyo atahamishiwa Diff, kule mpakani."

Hayo ni maneno ya Mkurugenzi wetu, Bwana Yahye, aliyoyasoma kwenye ngazi za ofisi asubuhi moja jua likiwa tayari linachoma visogo. Mimi, Abdiwahab, naibu wake, nilikuwa kulia kwake nimeshika kipaza sauti kwa mkono, kwa kuwa stendi yake iliazimwa kwa harusi na haijarudi. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi, ingawa kwa mkono mmoja na paja. Naibu akichelewa kupiga makofi, watu hudhani kuna mgogoro.

Wasiowahi kufanya kazi serikalini watauliza tatizo lilitoka wapi. Lilitokana na mafanikio. Bwana Yahye ni bingwa wa ziara za kushtukiza. Viongozi wengine huzifanya masokoni na kwenye zahanati, wakichoma mafuta ya umma hadi Modogashe. Yeye aliona huo ni ubadhirifu ilhali ofisi yake mwenyewe iko chini ya pua. Kwa hiyo alinunua viatu vya raba, akawa anapitia mlango wa nyuma, ananyata hadi kwenye kisogo cha mtumishi, halafu anapaza sauti: "Kazi inaendaje?"

Watumishi walikuwa wakiruka. Mhasibu aliwahi kutamka shahada kwa sauti, akidhani saa yake imefika. Mhudumu mmoja alijifungia chooni na akakataa kutoka mpaka aletewe shangazi yake.

Mkurugenzi alisononeka sana. "Abdiwahab," aliniambia, "hawa watu wana kasoro. Kila nikiwatembelea, wanashtuka. Mtu mwenye dhamiri safi hashtuki."

"Utafiti unaonyesha hivyo hivyo, mkubwa."

"Utafiti gani?"

"Unaoendelea, mkubwa."

Ndipo lilipokuja lile tangazo la ngazini, na wiki haijaisha likatokea la Nasteho. Huyu ni dada wa mapokezi, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye wananchi humpenda kupita kiasi kinachofaa kwa ofisi ya umma. Siku hiyo alikuwa ameshika kikombe cha chai ampelekee mzee aliyesafiri kutoka Lafey na aliyekuwa akitetemeka kwa uchovu. Mkurugenzi akatokea nyuma yake na swali lake. Nasteho akageuka mzimamzima na kikombe kikageuka naye. Chai yote ikaishia kifuani mwa Bwana Yahye, juu ya kanzu nyeupe aliyokuwa ameivaa kwa swala ya Ijumaa.

Chai ya maziwa ya ngamia haiheshimu cheo. Ilimwacha Mkurugenzi na doa lenye umbo la Ziwa Turkana.

Barua ya uhamisho ilitoka kabla kanzu haijakauka. Naomba nieleweke: Diff ni mji mzuri, na watu wake wa mpakani ni wakarimu. Ni sisi tu tulioamua kuuita adhabu. Ila Nasteho anaishi na mama yake, Bi. Maka, ambaye husafishwa figo hapa Garissa kila wiki, na ambaye hana mwingine wa kumshika mkono kutoka kitandani hadi kwenye tuktuk. Diff hakuna mashine ya figo. Hayo hatukuyazingatia. Barua ya uhamisho haina sehemu ya mama.

Nasteho alikuja ofisini kwa Mkurugenzi akiwa ameishika ile barua kwa mikono miwili.

"Mkubwa, naomba kuuliza. Hapa imeandikwa nina tabia ya kushtukashtuka. Kushtukashtuka ni nini?"

Mkurugenzi alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Kushtukashtuka ni... Abdiwahab, mwelezee."

"Ni hali," nikasema, "ya mtu kuwa katika hali ya kushtuka."

"Lakini mimi nilishtuka siku moja," Nasteho akasema. "Tena ulinipigia kelele sikioni. Mtu akishtuliwa akashtuka, hiyo ni tabia yake au ni ya aliyemshtua?"

Feni ilikuwa ikizunguka polepole juu yetu. Mkurugenzi alinitazama na mimi nikaitazama feni.

"Hilo ni swali la kitaalamu," hatimaye akasema. "Litaundiwa kamati."

Kamati ya Ufafanuzi wa Neno iliundwa siku hiyo hiyo, mimi nikiwa mwenyekiti. Tulimwalika Mwalimu Idman, anayefundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa mjini, mwanamke mwembamba ambaye hukurekebisha hata unapomsalimia. Uhamisho wa Nasteho ukasimamishwa hadi neno lipatiwe maana. Kamati ilikaa vikao vingi, kwani neno lenyewe ni refu.

"Kushtuka na kushtukashtuka ni vitu viwili," Mwalimu Idman alisema katika kikao cha kwanza, na katika kila kikao kilichofuata. "Mtoto akilia, amelia. Akilialia, huyo sasa ana tabia. Lazima kitendo kirudiwe."

"Mwalimu, serikali haiwezi kukaa ikisubiri mtumishi amwage chai ya pili."

"Basi andikeni kushtuka, mpeleke nchi nzima Diff."

Nilipendekeza twende nyanjani. Kamati isiyokwenda nyanjani haiheshimiwi, na posho yake huwa ndogo. Tukaenda Modogashe kwa gari la idara, tumevaa fulana zile za kung'aa, king'ora kikilia barabarani ili wananchi wajue utafiti unapita. Huko tulimkuta mama mmoja mfugaji, Rukiyo, akinywesha ngamia wake kwenye birika la saruji. Ngamia walipotuona walitawanyika kila upande kama shule iliyosikia kengele.

"Asalaam aleikum, mama," nikaanza. "Sisi ni kamati. Tunatafuta ngamia mwenye tabia ya kushtukashtuka."

Rukiyo alifunika macho na kiganja akatutazama. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini kinatosha. "Nyinyi nataka kununua ngamia ya kushtuka? Mutu gani nanunua hiyo?"

"Hatununui. Tunataka kumwona tu."

"Hii yote ilikuwa nakunywa maji fizuri. Nyinyi nakuja na gari nalia wii-wii, sasa nauliza nani nashtuka?" Akaokota fimbo yake. "Haye, sasa saidia mimi kurudisha."

Mwalimu Idman alivua fulana yake ya kung'aa, akakunja mikono ya baibui, akaenda kusaidia. Mimi nilibaki kusimamia. Katika kusimamia huko, dume moja lilipita karibu yangu likatoa mlio wa kooni, na nikaona ni busara kuhamishia ofisi ya mwenyekiti ndani ya gari, kupitia dirishani. Taarifa yangu ya nyanjani inasema kwamba uhamisho huo ulifanyika kwa utulivu. Mwalimu Idman alikataa kuitia sahihi.

Tuliporudi tulikuwa na maana. Naiandika hapa kama ilivyopitishwa: "Kushtukashtuka ni kitendo cha mtumishi kuruka, kujificha, kumwaga kitu au kubadili sauti kabla hajajua jambo lenyewe ni nini, na kurudia kufanya hivyo katika kikao kimoja." Hayo maneno ya mwisho ni ya Mwalimu Idman. Aliapa kwamba bila hayo angeandika maoni tofauti, na maoni tofauti huchapishwa kwenye karatasi ileile.

Mkurugenzi aliipenda sana. "Ni maana yenye meno," akasema. "Sasa tutampima msichana hadharani. Akishtuka mara mbili, anaondoka kesho. Ita redio."

Ukumbi ulijaa. Watu wa Garissa hawana shida ya kuja kwenye kikao cha serikali iwapo kuna mtu wa kushtuliwa. Wauza maziwa waliacha meza zao. Vijana wa boda walijipanga madirishani. Mtangazaji wa redio ya hapa alitega kinasa sauti mezani kwa Mkurugenzi na kikao kikaanza kurushwa moja kwa moja. Bi. Maka naye aliletwa, akaketishwa mbele na bandeji yake mkononi. Alikuwa ametoka kusafishwa figo asubuhi hiyo, uso umesinyaa, lakini macho yalikuwa makali.

"Nani ndio huyo nabeleka msichana yangu Diff?" aliuliza kwa sauti, kwa ulimi wake wa Kisomali unaochanganya "p" na "b".

Nikamwonyesha kwa adabu.

"Huyu?" Akamkagua kuanzia kofia hadi raba, kisha akamwita ami kwa Kisomali. "Adeer, sisi hapa tulishtuka zamani. Tulishtuka na magari ya jeshi, usiku, watoto iko mgongoni. Hiyo ndio kushtuka. Sasa wewe nakuja kushtua watu na 'kazi naendaje'?"

Ukumbi uliguna. Mkurugenzi alikohoa na kusema kwamba mchango wa mama umepokelewa.

Nasteho aliwekwa kwenye kiti katikati, ameipa meza kuu kisogo, na kikombe cha chai mkononi, ili mazingira yafanane na ya siku ya tukio. Mimi niliketi mbele yake kama shahidi. Mkurugenzi akainuka, akanyata na raba zake mpaka nyuma ya kiti, akajaza mapafu.

"KAZI INAENDAJE?"

"Inaendelea vizuri, mkubwa," Nasteho akajibu.

Chai haikutikisika. Vijana madirishani wakapiga mluzi. Mkurugenzi akarudi hatua kadhaa, akaja kwa upande mwingine, akapiga makofi sikioni kwake na kupaza sauti hadi ikakatika.

"Bado inaendelea, mkubwa."

Alijaribu kwa kunong'ona. Alijaribu kwa kugonga sinia. Alijificha nyuma ya pazia kwa muda mrefu, sote tukizitazama raba zake zikichungulia chini, kisha akachomoka kwa kishindo, na Nasteho akamwambia, "Pole, mkubwa, kuna vumbi hapo." Kijana mmoja wa boda akashindwa kujizuia. "Mkubwa, wachana na hii stori! Hapa watu walishashtuka kitambo!" Nikasimama kufafanua kwamba kushtuka kwa maana ya kugundua umechezwa hakumo katika maana rasmi. Nilizomewa.

Nitasema jambo moja ambalo halimo katika taarifa. Mimi ndiye niliyekaa mbele yake. Uso wake ulikuwa mtulivu na kikombe kilikuwa kimetulia, lakini mkono wake wa pili ulikuwa umelikamata pindo la hijabu hadi vidole vimepauka, na kila kelele ilipopigwa vilikaza zaidi. Sikuandika. Maana rasmi haikutaja vidole.

Mkurugenzi alirudi kwenye kiti chake akitokwa na jasho. Alikuwa akifungua kinywa kutangaza mapumziko ya kiufundi pale korongo mmoja, wale wakubwa wenye vipara wanaokaa juu ya miti ya mji wetu, alipotua juu ya mabati ya ukumbi.

Kila mtu wa Garissa anaujua mlio huo. Ni kama gunia la mchele lililoangushwa na malaika. Hakuna aliyeinua kichwa. Lakini Bwana Yahye alikaa Nairobi miaka mingi, na sekunde ile ile hakuwa kwenye kiti. Alikuwa chini ya meza, amejikunja, mikono juu ya kofia.

"Mkubwa?" nikainama.

"Nakagua miguu ya meza," sauti ikatoka chini, nyembamba kuliko kawaida.

Alitoka akajipangusa magoti, akaketi. Watu walikuwa wameanza kucheka ila kwa heshima, ndani ya mitandio. Hapo mlango ukafunguliwa kwa nguvu, akaingia mtu mwenye kofia. Mkurugenzi akaruka wima na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Karibu, Mheshimiwa! Karibu sana! Tulikuwa tukikungoja!"

"Hapana, mimi ni wa tuktuk," yule mtu akasema. "Nani ameegesha Prado nyeupe getini? Tumefungiwa njia."

Ukumbi ukalipuka. Wauza maziwa waliegemeana. Mzee mmoja alilazimika kutolewa nje apigwe upepo. Na hapo Mwalimu Idman, aliyekuwa ameketi mwisho wa meza kuu, akavuta kinasa sauti cha redio karibu na mdomo wake.

"Bwana Mwenyekiti, kwa ajili ya kumbukumbu: kuruka, kujificha, kubadili sauti, kabla hajajua jambo lenyewe ni nini. Na kurudia katika kikao kimoja. Naomba kuuliza tu kama nimeisoma maana vizuri."

Wote walinitazama. Mimi ndiye mwenyekiti. Nilitafuta feni, lakini ukumbi ule hauna feni.

"Umeisoma vizuri, Mwalimu," nikasema. Sijui ni kwa nini nilisema. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa kweli, na sikuwa nimejiandaa na kitu kingine.

"Sera hii haiwahusu wakurugenzi!" Bwana Yahye akafoka. "Ni ya watumishi!"

"Bila kujali cheo chake," umati ukamjibu kwa pamoja, maana tangazo lake la kwanza redio ilikuwa imelirudia kila baada ya taarifa ya habari.

Simu yake ikalia. Akashtuka, bonge la mshtuko, na gilasi ya maji ikamwagika juu ya ajenda. Alipoona jina kwenye kioo alisimama kama bendera. Alikuwa akitetemeka kiasi kwamba kidole chake kilibonyeza kitufe cha sauti ya nje, kwa hiyo ukumbi mzima ukamsikia, na redioni wakamsikia, Katibu ambaye ofisi zetu zote ziko chini yake.

"Yahye."

"Ndiyo, Mheshimiwa!"

"Nilikuwa kwenye gari, nasikiliza redio. Hii sera ni yako mwenyewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimeibuni mwenyewe."

"Nzuri sana. Mimi napenda sera inayotekelezwa. Ianze na wewe. Diff kuna nafasi ya msimamizi wa ofisi ndogo. Na huyo dada abaki alipo. Umenielewa?"

"Kwa manufaa ya umma, Mheshimiwa," Bwana Yahye akasema, na simu ikakatwa.

Nasteho aliweka kikombe chini. Aliinuka, akaenda kwa mama yake, akapiga magoti na kulaza kichwa mapajani mwake. Hapo ndipo mabega yalipoanza kumtetemeka. Bi. Maka alimshika kichwa kwa ule mkono wenye bandeji.

"Alhamdulillahi," akasema. "Inuka, abaayo. Watu natazama."

Bwana Yahye aliondoka wiki hiyo. Nilikwenda kumsindikiza, nikakuta Nasteho amefika kabla yangu, na chupa ya chai na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi. Bi. Maka alikuwa kwenye tuktuk nyuma yake, hakushuka. "Adeer, Diff iko dada yangu, naitwa Ebla," akamwambia Bwana Yahye kutoka humo ndani. "Mimi nimempigia simu. Atabikia wewe. Lakini bisha hodi, usiingie kimyakimya. Yeye iko na banga." Bwana Yahye aliipokea chai. Alitaka kusema kitu kirefu, nilimwona akikitafuta, lakini alichosema ni, "Shukran, mama." Nasikia huko watu wamemzoea na huwa anaalikwa harusini.

Mimi nilifanywa kaimu mkurugenzi. Jumatatu iliyofuata nilikusanya wafanyakazi wote ukumbini mwa mapokezi, nikasimama juu ya kiti, na kutangaza mageuzi. Nilisema kwamba, baada ya mashauriano ya kina niliyofanya na nafsi yangu, neno kushtuka halitatumika tena katika idara. Badala yake mtumishi ataruhusiwa kupokea taarifa kwa mwili. Nikafafanua hatua za kupokea taarifa kwa mwili, viwango vyake, na ngazi za maofisa wanaoweza kuidhinisha upokeaji huo. Nilikuwa na kurasa za kutosha.

Wakati nikigeuza ukurasa niliinua macho. Mhasibu alikuwa amerudi kwenye meza yake na anapiga mihuri. Mhudumu alikuwa akideki, akaomba niinue mguu, nikainua. Mzee wa Lafey alikuwa amerudi tena kwa shida yake ileile, na Nasteho alikuwa amemsogezea kiti, amemwinamia, anamsikiliza kwa Kisomali kwa sauti ya chini.

Nikakohoa kwa cheo. "Nasteho, sijamaliza."

"Haye, mkubwa," akasema, bila kugeuka. "Endelea tu." Kisha akamwambia mzee, "Adeer, leo hutarudi bila jibu," na akamwita anayefuata kwenye foleni asogee karibu kidogo.